Kasha la Star Trek: diski 20, na Uhura bila michirizi

Nimemaliza kuliangalia lote. Vipindi 79, na juu yake kile cha majaribio ambacho televisheni haikukionyesha kikamilifu mpaka 1988. Imenichukua miezi minne, karibu kila usiku baada ya isha, na sasa naweza kusema neno juu ya kasha hili la Blu-ray (diski zenye picha safi kuliko DVD) la Star Trek ya mwanzo, ile tamthilia ya Marekani ya chombo cha angani, ya 1966 hadi 1969. Nitalisema kama fundi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: redio, runinga na simu, hapa Mombasa, huu mwaka wa 23.

Ila kabla ya diski zilikuwapo kanda, na bila zile kanda nisingelitafuta kasha hili.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Mwaka 1988 alirudi kutoka Southampton na deki ya video aliyoifunga kwa blanketi, na kanda nne za Star Trek, kila kanda vipindi viwili. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Kibokoni, ghorofa ya pili, na runinga ya mjomba ndiyo pekee iliyokuwa ya rangi katika jumba zima. Ijumaa usiku sebule ilijaa watoto mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Kiingereza tulikishika nusunusu. Tulifuata kwa macho: nahodha Kirk akikunja uso, Spock na masikio yake, daktari McCoy akilalamika, na yule mwanamke mweusi mwenye nguo nyekundu na herini kubwa, amekaa kwenye mitambo ya mawasiliano na kitu cha fedha sikioni. Yule tulimpenda kabla hatujajua jina lake.

Katika kanda ya tatu kuna kipindi ambacho mashine moja inayoelea hewani inaingia chomboni na kumfuta kichwa chote yule mwanamke, Uhura, asibakiwe na elimu yoyote. Muuguzi Chapel anakaa naye kumfundisha kusoma upya, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Uhura anakwama, anaudhika, halafu yanamtoka maneno ya Kiswahili.

Sebule nzima ilinyamaza. Bibi yangu, mama yake mjomba, alikuwa ameegemea mlango na tasbihi mkononi. Hakuwahi kuijali ile runinga hata siku moja. Akauliza, "Huyo ni mtoto wa nani?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Nikasema, "Mjomba, rudisha." Akarudisha. Nikasema tena. Akaniuliza, "Mara ngapi, mwanangu?" lakini akarudisha. Ilirudishwa mara nyingi sana kwa miaka, mpaka pale mahali pakaisha: michirizi myeupe ikawa inapita usoni mwa Uhura kila anapofungua mdomo, na sauti ikawa inayumba. Kichwa cha deki nilijifunza kukisafisha kwa spiriti na pamba kwa ajili ya dakika ile moja. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya ufundi. Lakini ukanda ukishakwanguka umekwanguka, na spiriti haiurudishii sumaku yake.

Baadaye nikaja kuelewa kile Kiswahili kilifikaje kule. Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, amesimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa kwa kazi hiyo alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayoihusu Kenya. Kitabu chenyewe ni cha Mmarekani mwindaji na kinaitazama nchi yetu kutoka kwenye kambi ya wawindaji, mimi sikipendi. Lakini Gene Roddenberry, aliyeibuni Star Trek, alilipenda lile neno, na mwisho wake ukalainishwa ili lisikike la kike masikioni mwao: Uhura. Kwetu neno hilo halipo, na maneno yetu hayabadiliki kwa mwanamume na mwanamke. Hata hivyo mtoto wa Kenya hahitaji kufafanuliwa limetoka wapi. Ilikuwa 1966. Desemba ya 1963, tulipopata uhuru, ilikuwa bado mbichi.

Na kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipolipata kasha hili, kwa sababu kanda za mjomba hazikuwa na kipindi cha kwanza. Alhamisi tarehe 8 Septemba 1966, usiku ule NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, walipoirusha Star Trek kwa mara ya kwanza, Kiswahili kilikuwamo. Kipindi kinaitwa "The Man Trap". Kuna kiumbe kinachofyonza chumvi miilini mwa watu na kinachoweza kuvaa sura ya yeyote unayemtamani. Kinamtokea Uhura kwenye ujia wa chombo katika umbo la mwanamume mweusi mtanashati, na kinamsemesha kwa Kiswahili, naye anamjibu. Matamshi ni ya kigeni, sikatai, lazima utege sikio na usikilize mara ya pili. Lakini fikiria mwandishi wa hadithi Marekani, mwaka ule, anajiuliza mwanamke huyu anamtamani nani moyoni, na jibu analolipata ni mtu wa kuzungumza naye lugha yake. Nilisimamisha picha nikakaa kimya kidogo kabla ya kuendelea.

Sasa kasha lenyewe. Diski ni 20, misimu mitatu. Picha ndiyo sababu ya kwanza ya kulinunua, na nataka nieleze kwa nini, maana wateja huniuliza kila siku: itakuwaje kitu cha 1966 kionekane kizuri kuliko runinga ya 1995? Jibu ni filamu. Star Trek ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ile ile ya majumba ya sinema. Runinga za Marekani za wakati ule zilikuwa na mistari 525, kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichokuwamo kwenye filamu haikuwahi kumfikia mtazamaji. Ilibaki ghalani. Kanda ya video ikapunguza tena, ikabaki kama nusu ya hiyo mistari. Kati ya 2006 na 2008 wenye haki walirudi kwenye filamu za asili wakazisoma upya, na 2009 zikaanza kutoka kwenye Blu-ray. Hakuna kilichoongezwa pale usoni mwa Uhura. Vilikuwapo tangu siku ya kupigwa filamu: vinyweleo vya shavuni, wanja, mshono wa begani, herini ambazo mimi nilizijua kama madoa mawili ya rangi.

Rangi nazo zinanifurahisha. Nguo ile nyekundu kwenye kanda ilikuwa ikivuja nje ya mipaka yake, kama wino kwenye karatasi ya maji. Mafundi wa video wanajua, wekundu ndio unaozisumbua kanda hizi za VHS kuliko rangi zote. Hapa umetulia mahali pake. Na ukiangalia vipindi vya mwanzo kabisa vilivyopigwa, utamwona Uhura amevaa ya manjano kabla hajapewa nyekundu. Mimi miaka yote hiyo sikujua.

Picha safi hivyo pia inafichua. Kwenye kile kipindi cha adui aitwaye Khan, cha Februari 1967, Kirk anapopigana naye kwenye chumba cha mitambo unamwona waziwazi mtu mwingine aliyevaa nguo za nahodha akirushwa ukutani. Vifaa vya daktari McCoy vya upasuaji vinaonekana kuwa ni nini: vikopo vya chumvi vya mezani vya kigeni, vilivyonunuliwa kwa ajili ya kile kipindi cha kiumbe cha chumvi, vikaonekana vya ajabu mno kwa mtazamaji wa Marekani kuitwa vikopo vya chumvi, basi wakampa daktari. Ile milango inayojifungua yenyewe ilikuwa ikivutwa kwa kamba na watu waliosimama nyuma, na mara moja moja unaona mlango umechelewa, mwigizaji akapunguza hatua. Kuna watu hulalamika kwamba usafi huu unaua uongo wa sinema. Mimi naona mikono. Naona watu waliokuwa na siku sita za kupiga kipindi kizima na pesa kidogo, wakautengeneza ulimwengu kwa walichokuwa nacho dukani. Nikiwa na redio ya mteja mezani na sina kipuri chake, najua hali hiyo ndani na nje.

Hapa ndipo nifike kwenye jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo linaloamua thamani ya kasha zima.

Walipokuwa wakisafisha filamu, waliziondoa picha za zamani za chombo chenyewe, Enterprise, na za sayari wakatengeneza mpya kwa kompyuta. Kama wangeishia hapo, nisingelinunua. Lakini kwenye Blu-ray wameziacha zote mbili. Unaweza kuchagua mwanzoni mwa kipindi, au katikati ya kipindi ukabonyeza kitufe cha ANGLE kwenye rimoti, na Enterprise ya kompyuta inaondoka, Enterprise ya 1966 inarudi mahali pale pale bila picha kusimama. Ni kazi safi ya kihandisi.

Na ile Enterprise ya zamani inastahili kulindwa. Ilichorwa na Matt Jefferies na kujengwa kwa mbao na plastiki, urefu wa futi 11, zaidi kidogo ya mita tatu. Sasa iko kwenye jumba la makumbusho la anga la Smithsonian, Washington, walipoifanyia ukarabati mkubwa uliokamilika 2016. Zile taa zinazozunguka mbele ya mitambo yake miwili, zinazofanya chombo kionekane kinapumua, zilikuwa ni mota ndogo zenye mapanga, balbu za mti wa Krismasi nyuma yake, na vipande vya kioo vya kurudisha mwanga. Nilipoyajua hayo niliziangalia upya sekunde zile, nikahesabu mzunguko wa mapanga. Na ubavu wa kushoto wa modeli haukuwahi kumaliziwa, kwa sababu nyaya zote za umeme zilitokea huko. Ndiyo maana karibu kila mara unauona ubavu wake wa kulia inapopita. Walipohitaji upande wa pili walibandika maandishi kinyumenyume wakaigeuza filamu. Kila fundi ana kifaa chenye ubavu ambao mteja haonyeshwi. Sijawahi kukipenda chombo cha sinema zaidi ya siku niliyojua hilo.

Ile ya kompyuta haina ubavu wa kuficha. Inageuka popote, inang'aa kote sawasawa, na macho yangu hayapati pa kushika. Naikubali katika kipindi kimoja tu, kile cha Oktoba 1967 cha mashine kubwa inayomeza sayari, ambapo picha za zamani zilikuwa dhaifu kuliko hadithi, na mpya zimeipa ule uzito uliostahili. Penginepo, nabonyeza ANGLE.

Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 14, haafikiani nami kabisa. "Khalti, hii mpya ndiyo yenyewe." Nikampa rimoti, nikamwambia abadilishe mara kumi, ya zamani na mpya, aniambie kivuli cha chombo kinaanguka wapi. Alibadilisha. Akakiri kwamba ya zamani ina kivuli cha kweli. Kisha akasema bado ile mpya ndiyo nzuri. Basi tumegawana: usiku wake ya kompyuta, usiku wangu ya mbao. Kasha moja limetutosha sote wawili, na hilo ni jambo kubwa kulisema juu ya kitu cha kununua.

Kuna kipindi kinaitwa "Who Mourns for Adonais?", cha tarehe 22 Septemba 1967, wiki moja tu kabla ya kile cha Kiswahili. Mawasiliano yamekatika. Uhura yuko chini ya meza yake ya mitambo, ameifungua, anaunganisha nyaya kwa mkono. Anamwambia Spock kwamba ana miaka hajafanya kazi ya namna hii, na kwamba akikosea kuunganisha anaweza kuunguza mfumo wote. Na Spock, ambaye hasifu mtu ovyo, anamjibu kuwa hamjui mwingine anayeifaa zaidi kazi hiyo. Basi. Hakuna mwanamume anayekuja kumpokonya kifaa.

Nilipokuwa na miaka 18, chuoni, mwalimu mmoja aliniambia kazi ya bodi za elektroniki inataka mkono wa kiume, nikachukue ushonaji. Sikumjibu. Nilikuwa na kile kipindi kichwani, kilikuwamo kwenye kanda ya pili. Sasa nimekiona bila ukungu. Kwenye kanda ilikuwa ni mikono miwili ndani ya wekundu. Hapa naona vidole vinavyokishikilia kile kifaa, naona anavyokaza macho, naona ule utulivu wa mtu aliyeacha kupumua kwa sababu anagusa waya mwembamba. Nichols hakuwa fundi, lakini aliutazama vizuri uso wa fundi. Katika duka langu wamepita wasichana wanne wa kujifunza, na kila mmoja nimemwekea dakika mbili hizo kabla sijamkabidhi chuma cha kulehemu.

Kwa sauti, mashauri yangu ni mafupi. Kuna ya njia saba kwa wenye spika nyingi, na kuna ile ya asili ya mono, yaani ya njia moja. Chagua mono. Muziki wa mwanzo wa Alexander Courage ulitungwa kusikika kutoka mahali pamoja, na ule upepo wa chombo kinapopita, Courage aliufanya kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya maikrofoni. Ukiutawanya sebuleni unapotea. Ukitoka mbele, unausikia kuwa ni pumzi ya mtu.

Sasa nisiwafiche udhaifu. Msimu wa tatu si mzuri kama ile miwili. Mashabiki waliandika barua kwa wingi mwishoni mwa 1967 na mwanzoni mwa 1968, kampeni iliyoongozwa na Bjo na John Trimble, wakaiokoa isifutwe. Halafu NBC wakaiweka Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana hawapo nyumbani, na pesa zikapungua. Inaonekana. Kipindi cha kuufungua msimu huo, cha ubongo wa Spock kuibwa, nilikiangalia mara moja na sitarudia. Lakini humo humo mna kile cha Novemba 1968 ambapo Kirk na Uhura wanabusiana, mojawapo ya mara za kwanza kwa televisheni ya Marekani kuonyesha mweusi na mzungu wakifanya hivyo. Katika hadithi wanalazimishwa na watu wenye nguvu za akili, na hilo linauma kulitazama. Kilichonishika mimi ni maneno ya Uhura kabla ya hapo, anapomwambia Kirk jinsi alivyokuwa akipata nguvu kwa kumtazama na kuisikia sauti yake kila alipoogopa kule kitini kwake. Mara chache sana walimpa maneno ya namna hiyo.

Hilo ndilo dai langu kubwa, na halihusu diski bali waandishi wa wakati ule. Ukiviangalia vipindi 79 mfululizo unaona jinsi walivyompa kidogo. Usiku baada ya usiku anageuka kwenye kiti, anasema njia za mawasiliano zimefunguliwa, basi. Nichols mwenyewe alichoka akaamua kuacha baada ya msimu wa kwanza. Alisimulia mara nyingi kwamba Martin Luther King alikutana naye kwenye shughuli moja, akamwambia kwamba ni shabiki, na kwamba asiache, kwa kuwa pale alipokaa dunia ilikuwa inamwona mtu mweusi kama anavyopaswa kuonekana. Akabaki. Tangu 1977 alifanya kazi na NASA, shirika la anga la Marekani, kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kujiunga na wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza Mmarekani kwenda angani, Septemba 1992, alikuwa akianza zamu zake kule juu kwa yale yale maneno ya Uhura ya njia za mawasiliano. Yale niliyokuwa nikiyaona machache yalifika mbali. Bado nadai angepewa zaidi, hasa nikikumbuka kwamba hata jina lake la kwanza halikutamkwa kwenye skrini mpaka filamu ya 2009. Walipolitamka, lilikuwa Nyota. Mjomba alipoambiwa alicheka kwa furaha, akasema, "Hilo wangeniuliza mimi zamani."

Nyongeza zilizomo ni za kawaida: mahojiano, matangazo ya zamani. Nilizopenda ni mbili. Kwenye msimu wa pili, karibu na kile kipindi cha vinyama vya manyoya vinavyozaana, wameweka kile cha Deep Space Nine, tamthilia ya Star Trek iliyokuja baadaye, ambapo wahusika wa baadaye wanarudi ndani ya kipindi hicho hicho. Na kwenye wa tatu mna kile cha majaribio, "The Cage", ambacho kina Spock anayetabasamu, na hakina Uhura kabisa. Kiangalie mwisho. Utajua ni nini kilikuwa kikikosekana. Maandishi ya chini yapo kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Kwa tamthilia iliyokisema Kiswahili usiku wake wa kwanza, naona tunawadai.

Filamu sita za waigizaji hawa, za 1979 mpaka 1991, hazimo humu; zinauzwa kando. Na jueni kwamba hizi si diski za DVD, deki ya kawaida haizisomi. Mimi nina deki ya Blu-ray ya mtumba niliyoifufua mwenyewe. Asiyekuwa nayo atafute PlayStation 3 ya mtumba, inazisoma vizuri, ila aisafishe feni kwanza. Kasha langu lililetwa na binamu kutoka Birmingham, na kwa jumla lilinigharimu kama shilingi 11,500. Kona moja ilifika imebonyea kwa sababu ya aliyelisafirisha, diski zikawa salama. Kwa asiyejua aanzie wapi, aanze na "Balance of Terror", cha Desemba 1966, vyombo viwili vikiwindana gizani kama nyambizi. Akikosa kukipenda hicho, asitumie pesa zake.

Mjomba ana miaka 75 sasa. Ameshafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, upande mmoja. Januari 2024, roketi ilipoondoka Florida ikiwa imebeba sehemu ya majivu ya Nichelle Nichols kwenda kuzunguka jua, nilimsomea habari hiyo, akaomba kuiona ile kanda. Deki haipo tena. Ndipo nikaanza kutafuta kasha.

Usiku wa kile kipindi nilimleta kwangu, nikamkalisha karibu na skrini, upande wa jicho zima. Mono, picha za zamani. Chapel akafungua somo. Uhura akasoma, akakwama, akaudhika, akasema. Hakuna mchirizi hata mmoja. Uso wote upo, na hasira yake ni ya mtu mzima anayejua kwamba alikuwa akijua. Mjomba alikaa mbele kwenye kiti. Akasema, "Mama angemwona hivi." Kisha akaninyoshea kidole bila kugeuka, nirudishe. Nikarudisha mpaka akatosheka.

Ile diski imeanza kupata alama za vidole kuliko zote 20. Naifuta kwa kitambaa cha miwani, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha.